Barafu Iliyoyeyuka Nayo Iandikwe

Kikundi chetu cha kina mama hapa Kisauni, Mombasa, kina friza mbili, mita moja ya tokeni na daftari moja lenye jalada gumu. Usiku tunagandisha maji katika mikebe ya lita tano, na alfajiri mama karanga, wale wakaanga samaki, huja kuchukua mabonge ya barafu kabla hawajateremka ufuoni kungoja ngalawa. Wauza sharubati huja baadaye, jua likishakuwa kali. Mimi ndiye mweka hazina. Nilikuwa karani wa hesabu miaka 27, na nilipostaafu tu wenzangu wakanikabidhi kalamu.

Daftari letu lina safu tano. Nne za kwanza ni zile ambazo mtu yeyote angeziandika: mabonge yaliyogandishwa, yaliyouzwa, fedha iliyoingia, fedha iliyokwenda kwenye tokeni. Safu ya tano iliwekwa kwa amri ya mwenyekiti wetu, bibi aliyepita miaka sabini na ambaye shule aliiachia darasa la nne. Inaitwa "iliyoyeyuka". Mwanzoni nilimpinga. Nilimweleza kwamba kilichoyeyuka hakina bei, kwa hiyo hakina mahali kwenye hesabu. Akanitazama, akasema: "Mwanangu, yale maji tuliyanunua. Na stima iliyoyagandisha tuliinunua. Usipoandika utakuwa unatuficha mali yetu wenyewe."

Nikaandika. Mwezi haujaisha tukaona kwamba bonge moja katika kila manane linaishia sakafuni. Fundi alipoitwa alikuta raba ya mlango wa friza moja imelegea, unaweza kupenyeza vidole viwili. Raba mpya ilitugharimu shilingi 800. Bila safu ile tungeendelea kulaumu jua.

Nimeanza na daftari hili kwa sababu nina karatasi nyingine mezani. Ni ripoti ya mwaka ya kampuni ya stima, Kenya Power, na mimi ni mmoja wa wenye kampuni ile, ingawa kwa kijisehemu kidogo sana. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini, na aliniachia hisa 1,000. Alikuwa akipenda kutukumbusha kwamba stima ya nchi hii ilianzia kwetu pwani: ile mashine ambayo Sultani wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 kuangazia kasri lake ndiyo iliyokuja kununuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mwaka 1908, na mji ukaanza kuwaka. Baba aliamini kitu kinachohitajiwa na kila nyumba hakiwezi kumtupa mwenye nacho.

Kwa miaka kama saba zile hisa hazikuleta gawio. Kisha mapema mwaka 2025 likaingia: senti 70 kwa kila hisa, yaani shilingi 700, ikakatwa kodi ya asilimia 5, zikabaki 665. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilikaa kitandani nikamkumbuka mzee. Lakini karani hata akistaafu hubaki karani, na nilitaka kujua zile 665 zimetoka wapi.

Vichwa vya habari vilikuwa vimeshatuambia. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 kampuni ilipata hasara ya shilingi bilioni 3.19. Mwaka uliofuata, ulioishia Juni 2024, ikapata faida ya bilioni 30.08 baada ya kodi. Kutoka shimoni hadi kileleni kwa miezi kumi na miwili. Niliposoma namba hizo kwenye kikao cha kikundi, mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Waliuza barafu zaidi?"

Sijasikia mchambuzi yeyote kwenye redio akiuliza swali zuri kuliko hilo. Nilirudi nyumbani nikalitafutia jibu.

Waliuza zaidi, lakini kidogo. Stima iliyouzwa ilipanda kutoka yuniti bilioni 10.2 hadi bilioni 10.5, ongezeko lisilofika asilimia 3. Mapato ya mauzo yenyewe yalipanda kutoka karibu bilioni 191 hadi bilioni 231, ongezeko la asilimia 21. Tofauti ya hapo ni bei. Mdhibiti wa nishati, EPRA, aliidhinisha viwango vipya vilivyoanza Aprili 2023, na sisi wenye mita tulivihisi siku ileile tulipoona shilingi mia tano zinaleta yuniti chache kuliko zilizozoeleka.

Sababu ya pili ni dola. Hili nililieleza kikundini kwa kalamu na karatasi, na nitalieleza hapa vivyo hivyo. Chukua mtu anayedaiwa dola 100. Juni 2022 deni lake lilikuwa kama shilingi 11,800. Juni 2023, bila kukopa hata senti nyingine, lilikuwa kama 14,000, kwa kuwa shilingi ilikuwa imeporomoka. Juni 2024 lilikuwa limeshuka hadi kama 12,900, baada ya shilingi kuporomoka hata kupita 160 kwa dola moja kisha kupata nguvu tena. Mtu huyu hakulipa deni, hakuuza kitu, hakutengeneza kitu. Lakini sheria za uhasibu zinamtaka aandike hasara mwaka wa kwanza na faida mwaka wa pili. Kenya Power ina mikopo mikubwa ya fedha za kigeni. Sehemu kubwa ya ile hasara na ya ule mlima wa faida ni pumzi ya shilingi ikipanda na kushuka.

Sisemi kuna hila. Hesabu hizo zimekaguliwa na ziko sawa kwa kanuni zake. Ninachosema ni kwamba ile namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote haituelezi kama stima yetu inasimamiwa vizuri. Iliyo na habari hiyo iko ndani, kwenye jedwali, na watu wachache huifikia.

Namba yenyewe ni hii. Mwaka ule wa faida ya bilioni 30 kampuni ilinunua yuniti bilioni 13.7 kutoka kwa wazalishaji na ikauza bilioni 10.5. Yuniti zaidi ya bilioni 3 zilinunuliwa na hazikuuzwa. Kwa asilimia ni 23.16. Katika kila yuniti mia, ishirini na tatu zilipotea njiani baina ya kituo cha kuzalisha na risiti ya mteja. Sisi tulishtuka kwa bonge moja katika manane. Hapa ni karibu moja katika manne.

Hiyo ndiyo barafu iliyoyeyuka.

Nimekaa na hesabu hiyo siku nyingi. Ukigawanya mapato ya mauzo kwa yuniti zilizouzwa, kila yuniti ilileta wastani wa shilingi 22. Kwa hiyo kila asilimia moja ya upotevu, ikiokolewa na kuuzwa, inakaribia shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Asilimia moja tu inatosha kufuta karibu ile hasara yote ya mwaka 2023. EPRA huweka kikomo cha upotevu unaoweza kuingizwa kwenye bei, na kikomo hicho kiko chini ya asilimia 20. Kinachobaki ndani ya kikomo tunakilipa sisi wenye mita, yuniti ambazo hazikuwasha taa ya mtu yeyote. Kinachozidi kikomo kinaila kampuni, na humo ndani mna wenye hisa, mkubwa wao akiwa serikali yenye asilimia 50.1. Kwa hiyo kila Mkenya analipa, wengine mara mbili.

Sasa sikia kilichotokea mwaka uliofuata, ulioishia Juni 2025. Faida ilishuka hadi bilioni 24.47. Magazeti yakaandika faida imeanguka, na jirani yangu mwenye hisa kama mimi akanipigia simu akiwa na hofu. Lakini mwaka huohuo stima iliyouzwa ilipanda hadi yuniti bilioni 11.4, na upotevu ukateremka kutoka asilimia 23.16 hadi 21.21. Mapato yalishuka kwa sababu bei ilishuka. Yaani mwaka ambao mafundi walifanya kazi nzuri zaidi, wakauza zaidi kwa bei nafuu zaidi na wakaziba matundu, ndio mwaka tulioambiwa umekuwa mbaya. Nilimwambia jirani atulie, nikamsomea zile asilimia mbili kasoro kidogo. Kwangu mimi hizo ndizo zinazostahili kupigiwa vigelegele, na hakuna aliyezipigia.

Ninajua upotevu huu haufanani na raba ya mlango. Una pande mbili. Upande mmoja ni wa waya wenyewe: stima ikisafiri mbali sehemu yake hugeuka joto, na transfoma iliyobebeshwa kupita uwezo huchemka. Mradi wa kufikisha stima vijijini uliozinduliwa 2015 uliwaunganisha watu waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma kwa shilingi 15,000. Nyaya ndefu zikavutwa hadi kwenye nyumba zinazotumia taa mbili na chaja ya simu. Ule ulikuwa uamuzi wa nchi na ulikuwa wa haki. Shangazi yangu kule bara aliacha koroboi akiwa na miaka 68, na siwezi kumwambia nyumba yake ni upotevu. Ila kwa kuwa ni uamuzi wa nchi, gharama yake iandikwe wazi kwa jina lake, isichanganywe na uzembe wala wizi.

Upande wa pili ni wizi, na huo hauko mbali nasi. Katika mitaa mingi ya mabanda utaona nyaya zimepita juu ya mabati kama kamba za kuanikia nguo. Mkazi humlipa mtu fulani kila mwezi, na mtu huyo hana mita wala risiti. Watoto hufa kwa nyaya hizo mvua ikinyesha. Anayelipa kwa njia hiyo mara nyingi ni maskini aliyekosa mlango wa halali. Anayepokea ndiye wa kutafutwa. Ripoti inayosema tu "upotevu wa kibiashara" imewaweka wote wawili kwenye kapu moja, pamoja na mita mbovu na bili zilizokosewa. Nataka kapu hilo lipakuliwe, kaunti kwa kaunti. Nataka kujua Mombasa tunapoteza ngapi kwa mia.

Kuna safu nyingine ambayo ningeiandika kando ya hiyo, nayo ni ya saa za giza. Ule mwaka wa bilioni 30 ndio uleule ambao usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilikatika nchi nzima na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Ikakatika tena nchi nzima Novemba, na tena Desemba. Mtu akisoma ukurasa wa faida peke yake hawezi kudhani mambo hayo yalikuwa ya mwaka mmoja. Wataalamu wana kipimo cha wastani wa saa ambazo mteja hukaa bila stima, na EPRA hukichapisha katika takwimu zake. Kipo, kinapimwa. Kinachokosekana ni kukikalisha karibu na faida ili vionane.

Ndipo ninapofika kwenye ile sehemu ya ripoti yenye picha za miti na watoto wa shule, inayoitwa uendelevu. Nitasema kwanza jambo la kujivunia: karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria ndio unaobeba mzigo mkubwa. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Lakini sehemu hii huandikwa kama hadithi ya hisani, mbali na hesabu, wakati kwa kweli ni hesabu tupu.

Tazama Kipevu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji ripoti kutujulisha Kipevu, ni mitambo yetu ya mafuta, iko pale magharibi mwa kisiwa. Mvua ikikosekana, maji ya mabwawa ya Mto Tana hupungua, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Maji yakipungua, mitambo ya mafuta huongezewa kazi. Mafuta yakichomwa, tozo ya mafuta kwenye tokeni hupanda, na mama karanga hulipa zaidi kwa bonge lilelile la barafu. Ujumbe wa tokeni unaokuja kwenye simu huonyesha kiasi ulicholipa, kilichokwenda kwenye yuniti, na "makato mengine". Ukiutafuta mchanganuo wa makato hayo utakuta ndani yake mafuta, dola, tozo ya kupeleka stima vijijini, kodi, na senti chache za maji. Mvua ya Mlima Kenya na bei ya pesa za kigeni ziko ndani ya risiti ya shilingi mia mbili. Anayezitenganisha katika vitabu viwili, kimoja cha fedha na kingine cha mazingira, anafanya kazi ambayo risiti yenyewe imekataa kuifanya.

Na mto hauishii kwenye mtambo. Mmoja wa wanachama wetu ni mzaliwa wa Ozi, karibu na Kipini, mahali Tana inapoingia baharini. Huko mpunga hulimwa kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mto. Nilipomwonyesha ile tozo ya maji kwenye mchanganuo, aliishika simu kwa mikono miwili na kuniuliza senti hizo zinakwenda wapi, na kama kuna mtu anayeandika ni maji kiasi gani yameachwa yateremke kwao. Kwa mkulima wa Ozi hiyo ni habari ya biashara kama ilivyo bei ya dola kwa kampuni. Mitambo ya stima kwenye mabwawa yale huendeshwa na KenGen, kampuni nyingine iliyo pia kwenye soko la hisa, na mimi ninaamini swali lake linastahili ukurasa katika ripoti za wote wawili, anayeuza stima ya maji na anayeinunua kutuletea.

Hakuna ninachodai hapa ambacho ni cha kubuni. Mwongozo wa kimataifa wa GRI, katika kiwango chake nambari 201, unaitaka kampuni ieleze imezalisha thamani gani, imeigawa kwa nani, na imebaki na nini. Kiambatisho chake cha kampuni za stima kinataja upotevu kwenye nyaya, pamoja na wingi na muda wa kukatika. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa ripoti za uendelevu mwaka 2021. Chama cha wahasibu, ICPAK, kimetangaza kwamba kuanzia Januari 2027 kampuni zenye masilahi ya umma zitatakiwa kufuata viwango vipya vya kimataifa, vinavyotaka mambo ya tabianchi yaelezwe kwa athari zake za kifedha. Viwango si tatizo. Ninachohofia, na nimeona ripoti nyingi katika maisha yangu ya kazi, ni kwamba yote hayo yatatimizwa kwa ukamilifu kwenye ukurasa wa 140, kwa Kiingereza kizito, na kichwa cha habari kitabaki kuwa faida.

Kiingereza pia nakitaja makusudi. Kampuni kadhaa za soko la hisa huweka taarifa ya mwenyekiti kwa Kiswahili, na ninawashukuru. Lakini taarifa ya mwenyekiti ni salamu. Majedwali ndiyo yenye habari, na majedwali hayatafsiriwi. Katiba yetu katika kifungu cha 7 inaitaja lugha hii kuwa ya taifa na tena rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Kenya Power ina wateja wapatao milioni 10. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye namba chache, uliochapishwa na kubandikwa kwenye kila ofisi inayopokea wateja, haugharimu hata nguzo moja ya mti.

Mkutano mkuu wa wenye hisa siku hizi hufanyika kwa mtandao, na maswali hutumwa kabla. Langu nimekwisha kuliandika. Linasema: Mimi ni mwenye hisa 1,000, mteja wa tokeni, mkazi wa Kisauni. Naomba bodi iweke kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ijayo, kando ya faida na kwa herufi za ukubwa uleule, yuniti zilizonunuliwa, zilizouzwa na zilizopotea, kwa kila kaunti. Wastani wa saa ambazo mteja alikaa gizani. Sehemu ya faida iliyotokana na kupanda au kushuka kwa shilingi. Na kiasi cha stima iliyotokana na mafuta mwaka ambao mto ulipungua. Naomba jibu kwa Kiswahili.

Mwenyekiti wetu alinitaka nimsomee kabla sijalituma. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia niongeze ni nani atakayeitwa kuziba tundu na lini. Nimeongeza.